Waliobaki na mfumo endeshi wa zamani kwenye kompyuta kuukuu: tupeane uzoefu

Mleta mada

Ndugu zangu, jana nilikuwa nikitafuta barua ya zamani, nikalazimika kuiwasha kompyuta ya mezani ambayo watoto wangu wameipa jina la "Bibi". Ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena, na baada ya muda ambao ningeweza kuoga na kuvaa, kikatokea kile kilima cha kijani chenye mawingu meupe ambacho kila aliyewahi kutumia Windows XP anakikumbuka. Mfumo huo ulitoka Oktoba 2001 na masasisho yake yakasitishwa tarehe 8 Aprili 2014, lakini kwangu unaendelea kuishi kwa sababu moja tu, nayo ni skana. Skana yenyewe huchomekwa kwenye ile poti pana ya nyuma yenye matundu 25 iliyokuwa ya printa, na draiva yake, yaani programu ya kuiwezesha izungumze na kompyuta, haikutengenezwa tena kwa mfumo wowote uliofuata. Husoma negativu za picha kwa usafi ambao sijauona kwenye skana nyingine niliyowahi kuigusa.

Wewe uliyebaki na mfumo wa kale, ni nini kilichokushikilia, na ni siku gani uliyojuta?

Funguo Mbovu

Weka printa mahali pa skana, hayo ni maisha yangu. Naunga mkono hoja.

Bint Hesabu

Umenigusa penye kidonda. Ninatunza kumbukumbu za michango ya chama chetu kwa programu iliyoandikwa enzi za Windows 3.1 na mtu aliyekwisha kustaafu, ambaye hakumwachia yeyote msimbo wake. Ni programu ya biti 16, muundo wa kale uliotangulia ule wa biti 32 na ule wa biti 64. Watu huniambia ninunue kompyuta mpya niihamishie huko, kana kwamba sijajaribu. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 hata kwa kubembelezwa. Hukueleza tu kwamba programu hiyo haipatani na toleo ulilo nalo, na mazungumzo yanaishia hapo. Windows 7 na Windows 10 zilikuwa na matoleo ya biti 32 ambayo yangeikubali, ila kompyuta mpya huja na biti 64, na Windows 11 haikutolewa kwa biti 32 kabisa.

Siku niliyojuta ni siku diski ilipoanza kugonga. Ilikuwa tak, tak, kimya, tak, tak, kama mgeni anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe, na zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Nilianza kunakili faili mojamoja kwenye flashi kupitia tundu la USB la kizazi cha kwanza, ambalo husafirisha data kwa kujikongoja, na kila diski ilipogonga nilijikuta nimeacha kupumua. Faili kuu ya michango ilikataa mara nne. Mara ya tano nilizima kompyuta, nikaiacha ipoe, nikaiwasha huku nimeweka kiganja ubavuni mwake kama mtu anayempima mgonjwa homa, ikakubali. Tulipoizima jioni ile, diski hiyo haikuamka tena. Leo nina nakala tatu katika sehemu tatu, lakini mfumo ni uleule, kwenye diski nyingine ambayo nayo si kijana.

Mzee wa Diski

Bint Hesabu, mwanangu, Mungu alikuhurumia, kwa maana kuzima na kuwasha diski inayogonga ni kamari. Diski ikianza sauti hiyo usinakili faili mojamoja, kwani kila faili inayokwama huifanya irudie kusoma mahali palepale pabovu hadi ijimalize. Ichomoe, iunganishe na kompyuta nyingine, kisha unakili diski nzima kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuzirudia zile ngumu mwishoni. Ukishapata taswira ya diski, yaani nakala yake nzima kama ilivyo, faili utazitafuta humo kwa raha zako.

Funguo Mbovu

Mimi niliambiwa dawa ya kompyuta ya zamani ni kutoizima kabisa. Yangu haijazimwa tangu mwaka juzi.

Mzee wa Diski

Basi omba umeme nao usizimwe.

Kumbukumbu Kidogo

Langu ni dogo ila linachekesha. Kila tovuti niliyoifungua iliniambia kwamba muunganisho si salama, nami kwa wiki mbili niliwalaumu watu wa mtandao, nikawapigia simu, nikawajibu vibaya. Siku moja nikatupa jicho pembeni mwa skrini, nikaona saa inasema ni Januari 2002. Betri ndogo ya ubao mkuu, ile ya duara iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila nilipochomoa umeme kompyuta ilirudi utotoni, na vyeti vyote vya tovuti, yaani vithibitisho vya usalama wake, vikaonekana havijaanza kutumika. Nilibadilisha betri, nikaweka tarehe sahihi, nikaomba radhi.

Aliyetabika zaidi ni dada yangu, ambaye ana MacBook ya mwaka 2008 iliyokomea OS X 10.11. Yeye saa yake ilikuwa sahihi kabisa, lakini tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti kizizi, yaani cheti mama kinachothibitisha vingine, ambacho tovuti nyingi zinazopata vyeti vyake vya bure kwa Let's Encrypt zilikitegemea, na mfumo wake haukuwa na kile cheti kipya. Nusu ya tovuti zake zikafungwa kwa siku moja. Tulimwekea Firefox, kwa kuwa hiyo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti badala ya kutegemea ya mfumo, akaendelea kama kawaida.

Msomi Mchovu

Ninyi mnasimulia skana na saa. Ngoja nisimulie yangu, ambayo hadi leo nikiona dirisha jekundu kwenye skrini tumbo hunikata.

Mwaka 2017 nilikuwa nikimalizia tasnifu kwenye mpakato wenye Windows 7. Mfumo ulikuwa wa zamani, lakini haukuwa umetelekezwa, kwa maana masasisho yake yaliendelea hadi tarehe 14 Januari 2020. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyazima, kwa sababu kompyuta ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2 na kila sasisho lilipoanza sikuweza hata kufungua barua pepe. Ijumaa ya tarehe 12 Mei niliuchomeka mpakato kwenye kebo ya mtandao mahali nilipokuwa nikifanya kazi, nikachomeka na diski ya nje ili nihifadhi sura ya nne, kisha nikaenda kwenye kikao. Sikubofya kiungo chochote. Sikufungua barua ya mtu nisiyemjua.

Niliporudi, dirisha jekundu lilikuwa limeziba skrini, na upande wa kushoto kulikuwa na saa mbili zinazohesabu kurudi nyuma. Ya kwanza ilisema kwamba baada ya siku 3 malipo yangeongezeka maradufu, na ya pili kwamba baada ya siku 7 faili zisingepatikana tena. Walitaka Bitcoin za thamani ya dola 300. Kirusi kilikuwa kimefunga kila faili ya tasnifu isisomeke, nayo ilikuwa imeota mkia mpya, .WNCRY. Nikaikimbilia diski ya nje kwa furaha ya mjinga, nikijisifu kwamba mimi ni mtu wa kuweka nakala, nikakuta huko nako kila faili ina mkia uleule. Nilikuwa nimeichomeka nakala yangu mkononi mwa mwizi.

Kilichoniokoa ni karatasi. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia rasimu iliyochapwa, kurasa 140, pembezoni pamejaa maandishi yake ya "fafanua" na "chanzo kiko wapi?". Nilizichapa upya zote kwa wiki sita, nikiyachukia maswali yake na kuyashukuru kwa pamoja. Mahojiano ambayo yalikuwa kwenye faili tu hayakurudi, na sura ya tano ikabidi iandikwe kwa data pungufu. Baadaye nilisoma kwamba kiraka cha kuziba tundu la Windows ambalo kirusi kile kiliingilia kilitolewa tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla, kikiwa miongoni mwa masasisho niliyoyazima kwa mkono wangu.

Kumbukumbu Kidogo

Pole sana, ndugu yangu. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Mjuzi wa Nyumbani

Ndivyo XP inavyowaponza watu. Ungelipa tu, ungepata faili zako.

Msomi Mchovu

Nimeandika Windows 7, tena mara ya kwanza kabisa. Soma kwanza, kaka.

Mzee wa Diski

Mjuzi, umekosea mara mbili kwa mistari miwili. Kirusi kile cha WannaCry kiliwapata zaidi watu wa Windows 7. Kwenye XP mara nyingi kiliishia kuiangusha mashine kwenye skrini ya bluu kabla ya kufunga faili. Hata hivyo Microsoft ilitoa kiraka cha XP tarehe 13 Mei, ingawa huduma yake ilikuwa imesitishwa miaka mitatu nyuma, nawe mleta mada ukikipata kiweke. Kuhusu kulipa, malipo yalielekezwa kwenye anwani tatu tu za Bitcoin kwa wahanga wote wa dunia nzima, kwa hiyo wezi wenyewe hawakuwa na njia ya kuaminika ya kujua ni nani aliyelipa. Ungetuma pesa, ukabaki unazitazama zile saa mbili.

Mjuzi wa Nyumbani

Sawa, lakini mimi nina XP isiyo na kiraka wala programu ya kuzuia virusi, na kwa miaka kumi sijaona kirusi hata kimoja.

Bint Hesabu

Ulikitafuta kwa kutumia nini, macho?

Mjuzi wa Nyumbani

Dada, tuheshimiane. Mashine ninaijua.

Funguo Mbovu

Hata mume wa jirani yangu alidhani anaijua nyumba yake.

Mzee wa Diski

Turudi kwenye kompyuta, tafadhali. Mjuzi anaweza kuwa na bahati ya mahali, kwa maana kirusi kile kilisambaa chenyewe kupitia poti 445 ya mtandao, inayotumika kushirikiana faili, na kompyuta ya nyumbani iliyo nyuma ya ruta kwa kawaida haifikiwi kwa njia hiyo kutoka nje. Kwenye mtandao wa ofisi mashine moja huambukiza jirani zake zote. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kompyuta ya skana ibaki ya skana, isichomekwe mtandao wowote, na picha zitolewe kwa flashi ambayo hukaguliwa upande wa pili.

Kizazi cha Saba

Mnaongea habari za XP kana kwamba uzee ni wa mwaka 2001. Kompyuta yangu ina SSD, RAM ya gigabaiti 16 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, inakimbia kama swala, lakini huduma ya Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Nimejiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza yanayonifikisha Oktoba 2026. Baada ya hapo nitaungana na Bibi wa mleta mada.

Pengwini

Nilikuwa nikisubiri nione kama kuna atakayelitaja. Ndugu Kizazi cha Saba, mashine kama hiyo ni harusi kwa Linux, ule mfumo endeshi wa bure. Weka Linux Mint leo hii na utaisahau hiyo Oktoba. Mashine dhaifu zaidi ziwekewe Linux nyepesi, kama Lubuntu au Debian yenye Xfce. Mama yangu mzazi amehamia, na swali pekee aliloniuliza ni kwa nini saa imehama upande.

Mzee wa Diski

Nakubaliana nawe nusu. Ukiwa na prosesa ya biti 32 mlango unazidi kuwa mwembamba, kwani Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imeacha kuja na kisakinishi cha biti 32. Watu wa Pentium 4 za mwanzo wasidanganyike kwamba kila Linux itawapokea.

Mleta mada

Na skana yangu je? Nimefikiria kununua ile kebo inayogeuza USB kuwa poti pana.

Mzee wa Diski

Usinunue. Kebo zile zilitengenezwa kwa ajili ya printa, na skana ya aina yako haitazungumza nazo. Tafuta mashine ya akiba yenye poti halisi, uifunge kwenye plastiki, uiweke pakavu.

Pengwini

Dada Bint Hesabu, kuna jambo hukuambiwa. Wine, ile programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, huweza kuendesha programu nyingi za biti 16 hata kwenye Linux ya biti 64, yaani kazi ambayo Windows yenyewe ya biti 64 imeikataa. Chukua moja ya zile nakala zako tatu, si ile halisi, ujaribu.

Mjuzi wa Nyumbani

Haitafanya kazi.

Bint Hesabu

Narudi baada ya siku nne, kwa kuwa nimeahidi kuwa mkweli. Nimeazima mpakato wa mpwa wangu wenye Linux Mint, nikaweka Wine, nikanakili folda nzima na kubofya. Imefunguka. Dirisha la kijivu lilelile, orodha ya majina ileile, hata ile herufi iliyokosewa kwenye neno "Mchago" ambayo aliyeiandika hakuwahi kuirekebisha. Nimelinganisha jumla za mwaka uliopita na daftari la karatasi, zimelingana zote.

Ila stakabadhi zinatoka zimeshuka kwa mstari mmoja, jina linaangukia kwenye nafasi ya kiasi na kiasi kinaangukia kwenye nafasi ya sahihi. Kaka Pengwini, usifurahi bado. Karatasi za stakabadhi zilizokwisha kuchapwa ni boksi zima, kwa hiyo niambie pambizo ya juu hubadilishwa wapi.