Nimejifungia nje ya swichi ya Tukuyu, nami niko Mbeya

fundi_uyole
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, nimekwama tangu Ijumaa.

Nahudumia mtandao wa ofisi moja ya akiba na mikopo yenye tawi Tukuyu. Kule kuna swichi ya Cisco 2960, kifaa kinachounganisha mashine za ofisi. Siku zote nilikuwa naiingia kutoka mbali kwa telnet kupitia VLAN 1 (VLAN ni kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi), humohumo walimo makarani, printa na simu za wageni. Jambo hilo lilikuwa linanikosesha usingizi, maana telnet hupitisha nenosiri waziwazi, na pale ni fedha za watu. Ijumaa nikapanda Coaster, nikahamishia usimamizi VLAN 99:

interface vlan 99
ip address 10.20.99.2 255.255.255.0
access-list 10 permit 192.168.10.0
line vty 0 15
login local
transport input ssh
access-class 10 in

VLAN 1 nikaiondolea anwani. Mtumiaji yupo, ufunguo wa RSA wa biti 2048 upo, na write memory (amri ya kusevu) nilipiga. Karani alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, anataka kufunga. Nikaondoka bila kujaribu kuingia kutoka mashine nyingine.

Sasa niko Mbeya, mashine yangu ni 192.168.10.25. SSH, ile njia ya kuingia inayoficha nenosiri, inasubiri mpaka muda unaisha. Ruta ya Tukuyu, inayounganisha tawi na mitandao ya nje, naiingia vizuri, na nikiwa ndani yake ping (kuuliza kama kifaa kipo) kwenda 10.20.99.2 inajibiwa. Ila nikijaribu SSH kutoka kwenye ruta hiyohiyo, nakataliwa papo hapo. Mbona huku inanyamaza, kule inakataa? Ipo namna ya kuingia bila kurudi Tukuyu?

waya_buluu (Iringa)
Kamwene kaka. Hayo ni makosa mawili tofauti, usiyachanganye.

Kunyamaza ni suala la njia ya kurudi. Pakiti yako inafika, swichi inataka kumjibu 192.168.10.25, lakini haijui jibu impe nani alitoe nje ya 10.20.99.0. Ruta inajibiwa kwa kuwa wako mtandao mmoja. Umesahau ip default-gateway 10.20.99.1, yaani lango la kutokea.

Kukataa papo hapo ni access-class, amri inayoruhusu anwani zilizo kwenye orodha tu. Swichi imekusikia, ila haikuruhusu. Anwani ya ruta, 10.20.99.1, haimo kwenye orodha yako. Na wewe mwenyewe humo! Ukiandika 192.168.10.0 bila kuongeza 0.0.0.255 baada yake (yaani anwani zote za mtandao huo), IOS, mfumo wa swichi, inaichukua kama anwani moja tu, hiyohiyo inayoishia na sifuri. Ukiweka lango peke yake, utaacha kunyamaziwa uanze kukataliwa.

Kama usingekuwa umesevu, ningekwambia umpigie karani achomoe umeme wa swichi na kuurudisha, mipangilio ya zamani irudi. Umeshasevu. Beba kebo ya konsoli, ile ya kuchomeka kwenye swichi yenyewe, kaka; ndiyo njia ya uhakika.

mzee_makambako
Dada kasema yote. Mimi naongeza la kukusaidia safari ijayo, kijana wangu. Kabla hujagusa access-class ukiwa mbali, piga reload in 15. Ukijifungia, swichi inajizima na kuwaka upya yenyewe baada ya dakika 15, na kwa kuwa hujasevu inarudi ilivyokuwa. Ukiona umeingia salama, reload cancel, ndipo usevu.

Halafu angalia poti iendayo kwenye ruta (trunk, inayopitisha VLAN nyingi). Kama VLAN zake zimewekewa mipaka, andika switchport trunk allowed vlan add 99, na hilo neno add usilikose. Mimi nililikosa asubuhi ya Jumatatu, VLAN zingine zote zikafutika kwenye ile poti, ofisi nzima ikakaa bila mtandao na wateja wamejaa kaunta.

fundi_uyole
Nimerudi jana usiku. Ni kilomita kama 70 tu, lakini mvua ilitushika Kiwira ikatusindikiza mpaka Tukuyu, nikaingia ofisini laptopu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Konsoli nayo ilinitoa jasho. Skrini ilijaa alama zisizosomeka, nikadhani kebo imekufa, nikabadili adapta ya USB mara mbili. Kumbe programu ilibaki kwenye kasi ya 115200 niliyotumia kwa kifaa kingine. Nikaweka 9600, nikapiga Enter, jina la swichi likatokea safi.

Nilianza na lango peke yake, nikampigia mwenzangu wa Mbeya ajaribu. Akasema, "Inanikataa sasa hivi tu." Dada, ni vilevile ulivyosema. Nikaandika upya orodha na 0.0.0.255 yake, akajaribu tena, akaingia. Nikaongeza na permit 10.20.99.1, ili anwani za Mbeya zikibadilika niweze kupitia kwenye ruta. Trunk haikuwa na mipaka. Safari hii karani alinisubiri mpaka saa moja usiku bila kulalamika, Mungu ambariki.

waya_buluu (Iringa)
Safi sana. Na ukurasa wa wavuti wa swichi umeuzima? Ile access-class ya vty (milango ya telnet na SSH) hailindi mlango huo.

fundi_uyole
Sikuukumbuka kabisa. Nimeingia sasa hivi nikiwa hapa Uyole, nimepiga no ip http server na no ip http secure-server. Nimefungua dirisha la pili, nimeingia tena bila shida, ndipo nikasevu.