Naomba ushauri: ubao wa macho, tuongeze picha au tubaki na 4?

Habari wakuu. Naomba mawazo ya wataalamu wa tiba ya kuzungumza na wazazi waliopita njia hii.

Mtoto ana miaka 5 na mtindio wa ubongo. Anaelewa vizuri anachoambiwa, ila mikono inakakamaa, hawezi kunyooshea picha kidole. Anatumia ubao wa macho, yaani anachagua kwa kuitazama picha anayoitaka: ni plastiki angavu ngumu ya ukubwa wa A3, yenye tundu katikati la kutazamana na picha 4 pembeni: MAJI, CHEZA, INAUMA na KINGINE. Hiyo ya KINGINE ni lazima, bila hiyo analazimika kuchagua asichotaka. Msomaji, yaani anayefuatilia macho ya mtoto, anakaa usawa wa uso wake, anataja kila picha, kisha ananyamaza sekunde 10 hivi. Wengi hukosea hapo: wanarudia swali mapema, mtoto anaanza upya.

Kwa picha 4 anasomeka. Zikifika 6, kichwa kikilala upande, ya kati na ya pembeni hazitofautiki. Nyonga zimesukumwa nyuma ya kiti, miguu inakanyaga kibao, na kanga iliyoviringishwa inashikilia shingo kila upande. Imesaidia kiasi.

Je, tubaki na 4 na kubadilisha kurasa za picha, au tumfundishe kutazama mara mbili, kwanza kundi lenye picha anayoitaka, halafu rangi inayowakilisha picha hiyo? Na nyumbani mmewazuiaje ndugu wasiugeuze mtihani, "haya, tuonyeshe maji"? Akiulizwa hivyo anafumba macho kabisa.