Kinywaji cha mazoezi cha matunda: je, chumvi iwe kiasi gani?

Mkimbiaji wa Raskazone

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mkazi wa Tanga na ninajiandaa kukimbia nusu marathoni mjini Moshi, katika mbio za Kilimanjaro. Mbio zangu ndefu za Jumapili sasa zimefikia kilomita 18, na kwa joto hili la pwani ninarudi nyumbani fulana ikiwa imelowa chapachapa na kofia ikiwa na michirizi myeupe ya chumvi. Vinywaji vya wanamichezo vinavyouzwa madukani vina bei ambayo siwezi kuimudu kila wiki, ilhali machungwa ya Muheza, mananasi na madafu yanapatikana sokoni kwa bei ya kawaida kabisa.

Mapishi ya kinywaji cha namna hii ni mengi, lakini hayakubaliani. Baadhi yanataka chumvi kidogo bila kusema kidogo hicho ni kiasi gani. Mengine hayataji chumvi hata kidogo, kana kwamba matunda yanajitosheleza. Na yapo yanayotaka kijiko kizima cha chai kwa lita moja, kiasi ambacho mdomoni hakina tofauti na maji ya bahari. Naomba mwenye ujuzi anieleze vipimo vinavyoeleweka, pamoja na sababu zake, ili nikikosa tunda moja niweze kutumia jingine bila kubahatisha.

Afisa Lishe

Ndugu Mkimbiaji, michirizi hiyo ya kofia imekwisha kujibu nusu ya swali lako. Madini yanayotoka kwa wingi katika jasho ni sodiamu na kloridi, yaani vitu vile vile viwili vinavyounda chumvi ya mezani. Lita moja ya jasho inaweza kubeba miligramu 500 za sodiamu kwa mtu mmoja na zaidi ya miligramu 1,500 kwa mwingine, wakati potasiamu inayopotea katika lita hiyo hiyo kwa kawaida ni miligramu 200 hivi. Sasa tazama matunda: lita moja ya juisi ya machungwa ina takriban gramu 2 za potasiamu, lakini sodiamu yake ni miligramu chache tu. Matunda, kwa hiyo, yanakupa maji, sukari, ladha na potasiamu ya kutosha na kusaza. Hayakupi kile unachokipoteza zaidi. Mapishi yasiyotaja chumvi ni mapishi ya juisi, nayo juisi si kitu kibaya, ila haifanyi kazi unayoitaka.

Sukari nayo haikuwekwa kwa ajili ya utamu peke yake. Katika ukuta wa utumbo mwembamba ipo protini inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Wazo hilo lilitolewa na mwanasayansi Robert Crane mwaka 1960, na ndilo lililokuja kuwa msingi wa ORS tunayowapa watoto wanaoharisha. Lakini sukari ikizidi mambo hugeuka: tumbo huchelewa kupitisha kinywaji, maji huvutwa kuingia utumboni badala ya kutoka, na mkimbiaji huanza kuhisi tumbo likichezacheza. Juisi nyingi za matunda, zikiwa hazijachanganywa na maji, zina sukari ya kati ya asilimia 9 na 12. Kinywaji cha kutumia wakati wa mazoezi kinatakiwa kuwa na asilimia 6 hivi, yaani gramu 60 kwa lita, na siku ya joto kali hata asilimia 4 inafaa.

Ukiyaelewa hayo mawili, hesabu inakuwa nyepesi. Kamua machungwa sita hadi manane ya wastani upate nusu lita ya juisi, uichuje, kisha uongeze nusu lita ya maji. Hapo una gramu 45 hivi za sukari. Ukitia kijiko kimoja cha chakula cha sukari kilichosawazishwa, ambacho ni gramu 12 hivi, umefika. Chumvi iwe robo ya kijiko cha chai, iliyosawazishwa kwa kisu. Hiyo ni takriban gramu 1.5, inayokupa sodiamu karibu miligramu 600. Vinywaji vingi vya dukani viko chini kidogo ya hapo, na kwa mtu ambaye kofia yake inabaki na chumvi nisingeshuka chini ya kiasi hicho. Kijiko kizima cha chai ni karibu gramu 6, mara nne ya unachohitaji; bahari yenyewe ina gramu 35 hivi kwa lita, basi hukuonea ulipoifananisha, ingawa bado kuna mwendo.

Tahadhari moja kuhusu kipimo: hesabu hii ni ya chumvi laini ya pakiti. Chumvi ya mawe, yenye chembe kubwa, huacha nafasi nyingi ndani ya kijiko, kwa hiyo kijiko kile kile hubeba uzito mdogo zaidi. Ama uisage kwanza, ama utumie mizani ya jikoni.

Ukikosa machungwa, nanasi lina sukari zaidi. Nusu lita ya juisi yake kwa nusu lita ya maji haihitaji sukari ya kuongeza. Tikiti maji lina sukari ndogo, asilimia 6 hivi, kwa hiyo juisi yake unaweza kuitumia bila maji mengi, ukikamulia ndimu kwa ajili ya ukali na kutia chumvi ile ile. Embe mimi silipendekezi, kwa sababu juisi yake ni nzito na hukaa tumboni.

Mzee wa Pangani

Mwanangu, nimesoma hesabu zote hizo na sina ugomvi nazo, lakini unaishi Tanga, umezungukwa na minazi, halafu unakamua machungwa na kupima chumvi kwa kisu? Wavuvi na wakwezi wa huku wamefanya kazi juani miaka yote kwa madafu. Dafu halihitaji kuchemshwa, halihitaji chupa wala friji, na limefungwa tangu mtini kiasi kwamba hakuna mkono uliolichafua. Jambo la kuzingatia ni kuchagua. Kitale bado hakina utamu, na koroma limekwisha kuanza kuwa nazi, maji yake yamepungua ladha. Lichukue likiwa dafu hasa, lile ambalo nyama yake ya ndani ni laini na unaweza kuikomba kwa kipande cha kifuu. Hapo maji yake yamekolea, na hata hao watu wa vipimo wanakiri kwamba yana madini mengi.

Afisa Lishe

Mzee wangu, shikamoo. Tumekubaliana kwa sehemu kubwa, na hilo la kuchagua dafu ni la kweli: sukari hupanda katika umri ule ulioutaja, kisha hushuka nazi inapokomaa. Madini pia ni mengi, ila swali ni madini gani. Lita moja ya maji ya dafu ina potasiamu ipatayo gramu 2 na nusu, zaidi ya juisi ya machungwa. Sodiamu yake hubadilika sana kutoka mnazi hadi mnazi na kwa kawaida haifikii inayopotea katika jasho la mtu anayekimbia saa mbili. Mvuvi au mkwezi hunywa dafu lake kisha hula wali na samaki wa chumvi, na hapo sodiamu hurudi bila mtu kuihesabu. Mkimbiaji aliye njiani hana mlo huo.

Kwa hiyo sisemi dafu liachwe. Nusu lita ya maji ya dafu, mililita 300 za juisi ya nanasi na mililita 200 za maji, pamoja na ile robo ya kijiko cha chumvi, ni kinywaji ambacho binafsi nakiona kizuri kuliko vyote nilivyovitaja hapo juu.

Kocha wa Moshi

Naomba niongeze jambo ambalo bado halijaguswa, nalo ni kiasi cha kunywa. Wanariadha wengi wanaokuja kwangu wamefundishwa kwamba kunywa zaidi ni salama zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 walipomaliza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango. Kilichohusiana zaidi na hali hiyo ni kuongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa kupita walichotoa. Tena kinywaji cha mazoezi hakimkingi mtu anayekunywa kupita kiasi, kwa sababu hata kikiwa na chumvi, sodiamu yake bado ni ndogo kuliko ile iliyomo katika damu.

Njia ya kujijua ni ya bei ya chini. Jipime uzito kabla ya mbio ndefu, ukiwa umevaa nguo chache, kisha ujipime tena ukirudi, baada ya kujifuta jasho na ukiwa na nguo kavu. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Jumlisha na ulichokunywa njiani, gawanya kwa saa ulizokimbia, utapata kiasi cha jasho lako kwa saa. Si lazima ukirudishe chote wakati unakimbia. Kupungua kidogo ni kawaida. Kisichotakiwa ni kurudi mzito kuliko ulivyoondoka. Kwa wengi, mililita 400 hadi 800 kwa saa, kwa mafundo madogo na kwa kufuata kiu, hutosha.

Fanya kipimo hicho Tanga, lakini usikihamishe kilivyo hadi Moshi. Mji huu uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya alfajiri ni nyepesi kuliko ya pwani, na jasho hukauka upesi, ingawa jua likishapanda utaomba wingu. Na kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji matupu yanatosha; usijibebeshe sukari isiyo na kazi.

Muuguzi

Nawaunga mkono waliotangulia, lakini wanaosoma hapa si wakimbiaji peke yao, na mapishi ya mtandaoni huishia mikononi mwa watu ambao hayakuandikiwa.

Mwenye shinikizo la damu ambaye ameambiwa apunguze chumvi asijitengenezee kinywaji hiki bila kuzungumza na daktari wake, na mwenye ugonjwa wa figo awe makini zaidi na madafu na juisi ya machungwa, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu huathiri mapigo ya moyo. Mwenye kisukari naye ahesabu zile gramu 60.

La pili, kinywaji hiki si badala ya ORS. ORS inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 tu za glukosi kwa lita, pamoja na chumvi za potasiamu na sitrati. Sodiamu yake ni karibu mara tatu ya kinywaji chenu na sukari yake ni chini ya robo. Mtoto anayeharisha akipewa kinywaji chenye sukari ya juisi anaweza kuharisha zaidi. Pakiti za ORS zinapatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa, na hizo ndizo za kutumia.

La mwisho ni usafi. Tunda lioshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani, na maji yawe yaliyochemshwa na kupozwa. Barafu ya mtaani isitumike.

Mkimbiaji wa Raskazone

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Pangani nampa shikamoo yake; madafu sitayaacha, nitayatilia chumvi tu. Nimebakiwa na maswali mawili. Kinywaji hiki kinakaa muda gani, kwa kuwa ningependa kukitengeneza Jumamosi jioni kwa ajili ya Jumapili alfajiri? Na je, ukwaju unaweza kuchukua nafasi ya machungwa msimu wake ukipita? Nyumbani tunao mwingi.

Afisa Lishe

Jumamosi jioni hadi Jumapili asubuhi hakuna tatizo, mradi kiwe ndani ya friji, na kisipitishe saa 24. Bila friji, kitengeneze asubuhi hiyo hiyo. Unaweza pia kujaza chupa nusu, ukaigandisha usiku kucha na kumalizia nusu nyingine wakati wa kutoka. Kitakuwa baridi sehemu kubwa ya njia, na kinywaji cha baridi hunyweka kwa urahisi zaidi kwenye joto. Ukitumia dafu, lipasue asubuhi, kwa sababu maji yake yakishatoka huchachuka haraka.

Kuhusu ukwaju, unafaa, kwa sharti kwamba uwe mwepesi. Ukwaju una asidi nyingi na wengine huwalegeza tumbo, kwa hiyo uujaribu kwanza siku ya mazoezi mafupi karibu na nyumbani, usiubebe kilomita 18 bila kujuana nao. Loweka kipande kidogo katika maji ya moto, uyafikiche na kuyachuja, kisha uongeze maji hadi lita moja. Sukari utakayoipata kwenye ukwaju mwepesi wa namna hiyo ni ndogo, kwa hiyo tia vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa, pamoja na ile ile robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Chuja mara mbili kwa kitambaa safi, maana nyuzi zake huziba mdomo wa chupa za wakimbiaji.