Shule za chata Ohio: pesa ni za umma, wa kuulizwa hayupo!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Mlioko Columbus, jimbo la Ohio hapa Marekani, na mnaojiandaa kuhamia huku na watoto, someni hii kabla hamjasaini fomu za shule.

Mwanangu yuko darasa la sita kwenye shule ya chata, yaani shule ya pesa za umma lakini haiendeshwi na wilaya ya shule. Ada hakuna, serikali inailipa kwa idadi ya watoto, yaani kodi zetu. Juzi nimefungua daftari lake la hesabu: kurasa nne tu zimeandikwa, ya mwisho ni ya Oktoba. Mwalimu aliondoka, na mpaka leo Februari watoto wanakalishwa mbele ya kompyuta na mtu wa kuwachunga. Halafu ripoti imekuja, hesabu kapewa B. B ya nini? Nani alisahihisha, na alisahihisha kitu gani?

Nikaenda ofisini. Wakasema ajira za walimu ni za kampuni inayoendesha shule. Kampuni ikasema niandikie bodi. Bodi nimeiandikia barua pepe tatu, kimya. Nikampigia mdhamini, yaani taasisi iliyoingia mkataba wa kuiruhusu shule ifanye kazi, kwa sababu ndiye mwenye jukumu kisheria la kuisimamia. Dada aliyepokea simu akaniambia mambo ya darasani nimalizane na shule. Wiki sita napigwa danadana, nimerudi mlango uleule.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: sheria ya Ohio inamruhusu mdhamini achukue mpaka asilimia 3 ya pesa za serikali zinazoingia shuleni. Watoto wakiondoka, fungu lake linapungua. Shule ikifungwa, halipo kabisa. Mtu wa hivyo ataibana shule kwa lipi?

Na wenye mamlaka hawawezi kusema hawakujua. ECOT, shule ya chata ya mtandaoni ya hapahapa Columbus, ilifunguliwa 2000 ikafungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, watoto kama 12,000 wakabaki wanahangaika. Serikali iliidai karibu dola milioni 80, pesa za watoto ambao shule ilishindwa kuthibitisha kwamba walisoma. Na kampuni za mwanzilishi wake ndizo zilizokuwa zikilipwa kuiendesha! Miaka yote hiyo mdhamini wake alikuwa anakagua nini?

Mdhamini asilipwe kwa vichwa vya watoto wetu. Na mikataba ya hizi kampuni iwekwe wazi, mzazi aone kila dola imekwenda wapi.

Kuna mzazi humu amewahi kulalamika idara ya elimu ya jimbo akajibiwa? Nielekezeni nianzie wapi. Jumatatu narudi shuleni, na daftari naenda nalo.