Zotero inaandika "Takwimu, O. ya T. ya". Nifanyeje?

BintiTemeke:
Wakuu habari za humu. Naandika tasnifu ya uzamili, mada ni mama lishe wa Temeke na mikopo. Sura ya pili imerudi kutoka kwa msimamizi imejaa wino mwekundu: majina yaliyo kwenye matini hayamo kwenye orodha ya marejeo, na ya kwenye orodha mengine hayajatajwa popote. Mwenzangu kaniwekea Zotero, programu ya kupanga marejeo, sasa ripoti ya Sensa ya 2022 inatoka "Takwimu, O. ya T. ya". Niendelee nayo au nirudi kuandika kwa mkono? Chuo kinataka mtindo wa marejeo wa APA. Natanguliza shukrani.

Kalamu_Moja:
Hamia Mendeley mkuu, nayo ni programu ya marejeo. Niko nayo tangu shahada ya kwanza, haijaniangusha.

MkutubiWaZamu:
Kuhama hakutasaidia. Mendeley ni ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu 2013, Zotero ni ya bure na msimbo wake uko wazi, lakini hapa ugomvi uko kwenye jina tu. Programu inadhani Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni mtu mwenye jina la ukoo! Mdogo wangu, fungua taarifa za ripoti hiyo, peleka kishale kwenye mstari wa mwandishi, pembeni kuna kialama cha kuunganisha visanduku viwili viwe kimoja. Bonyeza, andika jina zima la ofisi, basi. Wizara, Benki Kuu, Shirika la Afya Duniani, dawa ni hiyo hiyo.

La wino mwekundu: kuanzia leo usichape mabano kwa mkono, hata moja. Kila rejeo liingize kwa kitufe cha Zotero kilicho ndani ya Word, kisha iamuru itengeneze orodha. Itaweka ulivyovitaja tu. Ukifuta aya, rejeo lake nalo linaondoka, kama hujalitaja kwingine. Makala yenye DOI (namba ya utambulisho ya makala) bonyeza kialama cha kifimbo cha kichawi ndani ya Zotero, bandika namba, taarifa zinajijaza. Ila zikague, maana kuna majarida yanaleta kichwa chote kwa herufi kubwa na huenda programu isikusahihishie.

Na vitabu vya Kiswahili viandikie sw (kifupi cha Kiswahili) kwenye sehemu ya lugha. APA haitakusumbua, ila bila hiyo sw, siku jarida likitaka mtindo wa Chicago utakutana na herufi kubwa kila neno: "Historia Ya Biashara Ya Karafuu".

BintiTemeke:
Jina limekaa sawa, asante sana! PDF zangu ni nyingi, nafasi si itajaa? Niweke folda ya Zotero kwenye Dropbox, ile hifadhi ya mtandaoni?

MkutubiWaZamu:
Hapana, usithubutu. Hifadhidata yake ikiwa humo inaweza kuharibika. MB 300 za bure unazopewa na Zotero mtandaoni ni za mafaili tu, taarifa za marejeo hazihesabiwi. Zikijaa, zima usawazishaji wa mafaili, PDF zibaki kwenye laptopu na nakala kwenye diski ya nje. Na msimamizi akiomba sura, mtumie faili la Word. Akilifungulia Google Docs na kukurudishia, viungo vya Zotero vitakuwa vimekatika.

BintiTemeke:
Nimekuelewa. Mahojiano ya mama lishe nayaingizaje humo?

MkutubiWaZamu:
Huyaingizi. Hiyo ni data yako, na kwa APA maneno ya washiriki hayaendi kwenye orodha ya marejeo. Mpe kila mmoja jina la bandia, mnukuu ndani ya sura ya matokeo.