Mrejesho: jiko la peleti la kufukizia nyama, nimechukua Yoder

Wadau mlionishauri nilipokwama kati ya majiko ya kampuni mbili, Traeger na Yoder, nimerudi. Nimechukua Yoder YS640, linalochoma peleti, yaani vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Linatengenezwa hapahapa Kansas, Marekani, mjini Hutchinson, na chuma chake kinene kinashika joto hata upepo wa baridi ukivuma. Ni zito, zaidi ya kilo 100, andaeni vijana wa kulishusha.

Kidari cha ng'ombe nilikiweka usiku, jiko likiwa nyuzi 110 za Selsiasi. Joto la ndani ya nyama lilipofika 70 hivi likagoma kupanda kwa saa kadhaa, maana maji yanayotoka kwenye nyama huipoza. Aliyesema nikifunge kwa karatasi ya bucha, Mungu akubariki. Nilikitoa kwenye 95, laini kabisa.

Katika vikorokoro, cha lazima ni kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama. Bomba la matundu la kuongeza moshi nalo lina maana, kwani peleti huwaka safi na moshi wake ni mpole. Glavu za bei mbaya nimeziacha dukani. Peleti zikae kwenye ndoo yenye mfuniko; zikilowa huvimba na kuziba parafujo inayozisukuma motoni.

Sasa mbuzi wa Jumamosi: nitumie peleti za mti wa hikori au za mwaloni?