Viongozi wa Kanisa na riwaya ya The Da Vinci Code

Swali: Ndugu zangu, riwaya hii ya Dan Brown ya mwaka 2003, inayosimulia kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena, iliwatikisa waumini wengi. Je, viongozi walifanya vyema kuikemea hadharani?

Jibu la kwanza: Mwaka 2005 Kardinali Tarcisio Bertone, Askofu Mkuu wa Genoa, aliwahimiza Wakatoliki wasiinunue wala kuisoma. Kwa heshima zote, naamini katazo huongeza hamu.

Jibu la pili: Naomba kutofautiana nawe, ndugu, kwa sababu kitabu chenyewe kinaanza na ukurasa unaodai kutaja mambo ya hakika, na mchungaji hawezi kunyamaza kondoo wake wanapochukua hadithi kuwa historia.

Jibu la tatu: Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki iliyosawiriwa vibaya katika riwaya hiyo, iliutumia mjadala huo kujieleza kwa umma. Njia hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi.